Nilikuta mlango umefungwa: nitapataje mkutano wa kuacha pombe ulio hai kweli?

Msomaji mmoja kaniandikia, nimefupisha na kutoa vitu vinavyoweza kumtambulisha: "Mtaalamu habari za kazi. Nakunywa kila siku, miaka mingi sasa, asubuhi lazima nizimue ndo mikono itulie. Nimejaribu kuacha mwenyewe nimeshindwa. Juzi nikatafuta kwenye intaneti mkutano wa watu wanaoacha pombe, nikapata anwani, nikajikaza nikaenda, nakuta jengo giza, mlinzi hana hata habari. Nikapitiliza baa. Hivi vikundi vipo kweli au ni vya kwenye mtandao tu? Nitajuaje kipi kiko hai? Mi sio mtu wa dini sana, na naogopa kukutana na mtu anayenijua. Halafu mke wangu anaweza kuja?"

Kaka, asante kwa kuandika. Vipo, tena vingi kuliko unavyodhani, na hilo la kukuta mlango umefungwa limewakuta watu wengi sana, nitakwambia kwa nini. Ila kabla ya yote nianze na hapo uliposema unazimua asubuhi ili mikono itulie, maana hapo hatuongelei tena tabia peke yake, mwili wenyewe umeshaizoea pombe na unaidai.

Pombe inapunguza kasi ya ubongo, sasa ukinywa kila siku miaka na miaka ubongo unajirekebisha kwa kujiongezea kasi ili mambo yalingane. Ukiikata ghafla ile kasi inabaki peke yake haina wa kuizuia. Ndo unaona kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio na usingizi kukimbia, kwa kawaida kuanzia kama masaa 6 mpaka 24 tangu glasi ya mwisho. Wengine wanapata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na wachache, kati ya siku ya pili na ya nne, wanaingia hali ya kuweweseka ambayo madaktari wanaiita delirium tremens, mtu anaona wadudu ukutani, hajui yuko wapi, homa juu, na hiyo inaua. Kwa hiyo usije ukasoma jibu hili ukamwaga chupa zote leo usiku ukajifungia ndani peke yako. Nenda kwa daktari umwambie ukweli wa kiasi unachokunywa, usipunguze kwa aibu, maana dozi ya dawa anaipanga kufuatana na hicho. Dawa zipo, za jamii ya diazepamu, unapewa kwa siku chache chini ya uangalizi huku zinapunguzwa, pamoja na vitamini B1 kwa sababu wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo na upungufu wake unaharibu ubongo. Ukipata degedege, ukianza kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au ukichanganyikiwa, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kusubiri kesho.

Na mkutano je, usubiri mpaka utoke hospitali? Hapana, vifanye sambamba. Watu wengi hawajui kwamba unaruhusiwa kwenda ukiwa bado unakunywa. Kwenye AA, yaani Alcoholics Anonymous, sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, uwe na hamu ya kuacha kunywa. Haijaandikwa lazima uwe umeshaacha. Vikundi vingi vitakuomba tu kwamba kama umekunywa siku hiyo basi ukae usikilize, usisimame kuongea, na usifanye fujo. Basi.

Sasa tuje kwenye ule mlango. Vikundi hivi vinaendeshwa na watu wa kujitolea ambao wenyewe wanapona, hakuna mshahara, hakuna bosi, na wanakutana kwenye vyumba vya kuazima au kukodi, ukumbi wa kanisa, darasa la shule, chumba cha hospitali. Mwenye ukumbi akibadilisha mawazo wanahama. Yule aliyeweka anwani kwenye mtandao miaka kadhaa nyuma labda kahama mji, labda karudi kwenye mtungi, na hakuna mwingine mwenye neno la siri la kuingia kufuta. Kwa hiyo orodha ya mikutano we ichukulie kama tetesi. Kanuni yangu kwa kila ninayemshauri ni kwamba usitoke nyumbani mpaka binadamu aliye hai amekwambia kwa mdomo wake au kwa meseji, tupo, saa fulani, mlango ule. Unachotafuta ni mtu kwanza, anwani ni baadaye.

Hata AA yenyewe ilianza hivyo hivyo. Mwezi Mei 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara kutoka New York ambaye alikuwa na miezi michache tu bila pombe, alikwama mji wa Akron jimbo la Ohio baada ya dili lake kuvunjika. Yuko hotelini, baa iko pale pale anasikia kelele zake, roho inamsukuma. Akaiendea orodha ya makanisa iliyokuwa ukumbini akaanza kupiga simu, anaomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuongea naye, maana alishaona kwamba akiongea na mlevi mwenzake hamu inashuka. Simu zikamfikisha kwa daktari mpasuaji anayeitwa Bob Smith, wakakaa wakaongea masaa. Tarehe 10 Juni 1935, siku ambayo inahesabiwa ndo Dokta Bob kanywa mara ya mwisho, inachukuliwa kuwa siku ya kuzaliwa AA. Watu wawili na simu, hakuna ukumbi.

Basi wewe nawe huyo mtu unampataje. Tovuti ya AA, aa.org, ina sehemu ya kutafuta kwa nchi na eneo, inakupeleka kwenye ofisi au kamati inayounganisha vikundi vya sehemu hiyo. Huko ndo pa kupiga, sio kwenye namba iliyobandikwa mahali usipopajua. Kuna pia programu ya simu inaitwa Meeting Guide, ya bure, inaonyesha mikutano iliyo karibu na ulipo, ila haijafika kila nchi na yenyewe inategemea taarifa ambazo vikundi vimeipelekea, kwa hiyo hata ukiona mkutano humo bado piga. Ukipiga simu ya AA mara nyingi anayepokea ni mraibu mwenzako ambaye yuko soba, yaani ameacha kunywa, sio karani, kwa hiyo huna haja ya kutunga hadithi.

Njia ya pili mimi binafsi naiamini kuliko intaneti: muulize nesi au ofisa ustawi wa jamii wa kliniki ya afya ya akili, au kliniki ya uraibu kama ipo karibu. Hawa kila wiki wanaelekeza watu kwenye vikundi na watu wanarudi kuwapa majibu, wanajua kikundi kipi kimekufa, kipi kinajaa, kipi kina maneno maneno. Ukienda kwa daktari kwa ile ishu ya kuzimua muulize hapo hapo, unamaliza mambo mawili kwa safari moja. Nyumba za soba nazo wanajua, hata kama huna mpango wa kulazwa unaweza kupiga ukauliza tu wagonjwa wao wakitoka wanaenda mkutano gani. Na ukimpata mtu wa kikundi cha mji wa jirani muulize habari za mji wako, wanajuana hao.

Halafu angalia matangazo. Ukiandika kwenye intaneti msaada wa kuacha pombe, yanayotokea juu kabisa mara nyingi ni vituo vya kulipia, na baadhi wanaweka namba wanaiita simu ya msaada wakati kazi yake ni kukuuzia kitanda. Sisemi vituo vyote ni wezi, vingine vinafanya kazi nzuri sana, ila ujue unaongea na nani. Mkutano wa AA hauna kiingilio, hauna fomu, hauna ada ya mwezi. Kinapita kikapu au bahasha ya kuchangia chai na kodi ya chumba, mgeni hategemewi kutoa, na kwa kanuni zao hawapokei hata michango kutoka nje. Mtu akikudai hela ya kujiandikisha ujue hapo sio AA, hata kama bango linasema hivyo.

Ukishampata mtu, ulizia mambo ambayo orodha haisemi. Mkutano bado upo siku hiyo? Ni wa wazi au wa wahusika tu? Wa wazi anaingia yeyote, hata ndugu au mwanafunzi aliyekuja kujifunza, ule mwingine ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Unaendeshwa lugha gani? Mlango upi hasa, maana majengo mengine yana milango mitatu na unaweza kuzunguka dakika ishirini ukakata tamaa. Na la mwisho, hili usione haya kuliuliza: nani anafika mapema, anaweza kunipokea nje? Unaweza kuandika tu hivi, "Habari, nataka kuacha pombe, sijawahi kuja, naogopa kuingia peke yangu, kuna mtu anaweza kunisubiri?" Hutawasumbua. AA wana hatua 12 za kupona wanazozifuata, na ile ya 12 inataka wapeleke ujumbe kwa walevi wengine, na wanaamini kwa dhati kwamba kukusaidia wewe ndo kunawafanya wao wabaki soba. Kwa hiyo unapopiga simu yako kuna mtu upande wa pili unayempa kitu.

Jingine, ulisema baada ya kukuta giza ulipitiliza baa, na mi sikulaumu, umejikaza siku nzima halafu unakuta kufuli. Safari hii kabla hujatoka uwe na mpango wa pili mfukoni. AA ina mikutano mingi kwa njia ya mtandao, ya video na mingine ya simu ya sauti tu, inafanyika saa zote mchana na usiku kwa sababu dunia nzima iko humo. Tafuta mmoja unaoanza karibu na saa ile ile, weka linki kwenye simu tayari. Likitokea la kutokea unatafuta sehemu tulivu unaingia, kamera umezima, jina andika lolote. Ila usifanye huo wa mtandaoni ndo kisingizio cha kutokwenda kabisa, maana kwenye skrini ni rahisi mno kujificha, hakuna anayeona macho yako yamevimba.

Ndani kukoje? Hakutishi. Viti, mara nyingi duara, chai ikiwepo. Mmoja anafungua, wanasoma maandishi yao, dakika ya ukimya au sala fupi, halafu watu wanasimulia mmoja mmoja kuhusu pombe ilivyowafanya na wanavyoishi sasa. Hakuna kujibizana, yaani ukiongea hakuna anayekukatisha kukupa ushauri wala kukusuta, anasikilizwa mtu kisha anafuata mwingine. Ikifika zamu yako unaweza kusema tu jina la kwanza na kwamba leo nasikiliza, wanaitika asante wanaendelea. Inachukua saa moja mpaka saa na nusu. Sehemu nyingine wanagawa medali za siku, miezi, miaka, na ile ya mgeni hupewa aliyekuja siku ya kwanza, usishangae wakikupigia makofi.

Ushauri wangu kaa mbele. Ukikaa nyuma karibu na mlango utatumia saa nzima unapigia hesabu ya kutoka. Na usikimbie ikiisha! Kile kipindi cha kupanga viti na kumalizia chai ndo watu wanapeana namba, ndo mtu anakwambia mimi nilikuwa naficha chupa kwenye tangi la choo na wewe unacheka kwa sababu unajua. Chukua namba mbili tatu, na kesho yake piga hata kama huna la kusema, kwa sababu simu ya kwanza ukiisubirisha mpaka hamu imeshapanda huwa haipigwi. Baadaye utatafuta mdhamini, mtu aliyekaa soba muda wa kutosha wa kukupitisha kwenye hatua, na kwa kawaida wanashauri wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake ili mapenzi yasiingilie. Hilo halina haraka wiki ya kwanza.

Kuhusu kukutana na mtu anayekujua. Inawezekana, sikudanganyi. Ila fikiria, huyo naye kafuata nini pale? Kutokujulikana ndo msingi wao, mpaka liko kwenye jina, wanatumia majina ya kwanza tu, hawana daftari la mahudhurio, na kinachosemwa ndani hakitoki. Kwa asilimia kubwa watu wanaheshimu, kwa sababu kila mmoja kashikilia siri ya mwenzake. Lakini ni desturi, sio sheria ya nchi, kwa hiyo jambo ambalo linaweza kukupeleka mahakamani usilimwage kwenye duara, mpelekee mwanasheria au mshauri ambaye kazi yake inambana kutunza siri. Ikikutia hofu sana anza na mkutano wa mtaa wa mbali, ukizoea urudi wa karibu.

Na dini. Zile hatua 12 zinamtaja Mungu, na wameongeza kwamba ni Mungu kama kila mtu anavyomwelewa mwenyewe. AA haina dhehebu, kuna waumini wa kila aina na wasioamini pia, ila nikuambie ukweli vikundi vinatofautiana, kuna ambako utahisi uko ibadani na kuna ambako Mungu anatajwa kwenye kusoma tu. Kimoja kisipokukaa usihukumu vyote, nenda kingine, nenda na cha tatu, siku tofauti. Miji mingine ina vikundi vya AA vya wasio na dini kabisa. Halafu kuna SMART Recovery, ilianza Marekani mwaka 1994, haitumii hatua wala Mungu, inatumia mbinu za tiba ya fikra na tabia, unajifunza kuikabili hamu, kupima faida na hasara, kupanga maisha, na mwongozaji amepewa mafunzo. Nayo ina mikutano ya mtandaoni. Kwa anayetaka upande wa imani zaidi kuna Msalaba wa Bluu, wa zamani kuliko AA, ulianzishwa Uswisi mwaka 1877 na mchungaji Louis-Lucien Rochat.

Najua utauliza, vinasaidia kweli au ni kupeana moyo tu? Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, hawa kazi yao ni kuchambua tafiti za tiba kwa ukali, walitoa uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba AA pamoja na tiba za kitaalamu zinazomsukuma mtu kwenda AA zinafanya vizuri sawa na tiba nyingine kama ya fikra na tabia, na kwenye kuacha kabisa bila kugusa mara nyingi zinazidi. Haina maana kila anayeingia anapona. Wengi wanaanguka na kurudi. Ila kwa kitu cha bure, sijui unataka nini tena.

Vitu vya kukufanya uondoke. Mtu akikwambia uache dawa za daktari, iwe ya sonona, ya kifafa au hizi za kusaidia kuacha pombe kama naltreksoni, akamproseti au disulfiramu, msikilize kwa adabu halafu usimfuate, AA yenyewe inasema wanachama sio madaktari. (Hiyo disulfiramu usiimeze bila daktari, ukinywa pombe juu yake unaumwa vibaya.) Mtu akijifanya mwenye kikundi, anapanga nani aongee na nani anyamaze. Mtu akianza kuwatongoza wageni, hiyo wenyewe kwa utani wanaiita hatua ya 13 na wanaijua kabisa, mwambie mtu mzima wa pale. Kikundi kibovu unakihama tu, hakuna barua ya kujiuzulu.

Na ikiwa kweli umetafuta kila mahali, umeuliza nesi, umepiga ofisi, hakuna kitu? Kwa kanuni zao hata walevi wawili au watatu wakikutana ili wabaki soba wanaweza kujiita kikundi cha AA, mradi hawajafungamana na taasisi nyingine. Wasiliana na ofisi ya karibu yako watakuelekeza pa kupata vitabu na namna ya kuanza. Ila usianzishe wewe mgeni peke yako mwezi wa kwanza, utaelemewa. Anza na ya mtandaoni upate watu wenye uzoefu wa kukushika mkono, halafu yule wa pili atatokea, mara nyingi ni yule yule nesi anayekuunganisha.

Mkeo sasa. Mkutano wa wazi anakuja, anakaa, anasikiliza. Wa wahusika tu haingii, na usimlazimishe mwenyekiti. Ila usimfanye awe polisi wako wala katibu wako, yaani asitafute yeye mkutano, asipige yeye simu, hizo ni kazi zako. Yeye ana mahali pake, Al-Anon, ilianzishwa mwaka 1951 na Lois mke wa yule yule Bill Wilson pamoja na rafiki yake Anne, kwa ajili ya ndugu, wake, waume na marafiki wa walevi, na watoto waliofikia ujana wana Alateen tangu 1957. Huko hawafundishwi namna ya kukuacha wala ya kukuachisha pombe, wanajifunza kuishi wao bila maisha yote kuzunguka chupa yako. Mtafutie namba yao siku unayotafuta yako, umpe, halafu mwache aamue mwenyewe. Na hahitaji kusubiri wewe uache ndo aanze kwenda.